Barua ya wazi kwa wanaounda pedi za gemu: kabla ya jipya, analogi

Kwa wakuu wa ubunifu wa pedi katika Sony, Microsoft na Nintendo.

Waheshimiwa, salamu nyingi kutoka Temeke, Dar es Salaam.

Mimi ni fundi wa pedi, zile za mkononi za kuchezea gemu, na ninaendesha banda la gemu. Banda lina televisheni nne, mabenchi, feni moja ya darini, na karibu na mlango pana meza yangu ya ufundi. Asubuhi nafungua pedi za watu. Saa nane mchana vijana wanaanza kuingia, na tunafunga saa nne usiku. Wanalipa kwa mechi. Karibu wote wanacheza mpira, na ingawa gemu lenyewe tangu 2023 linaitwa EA Sports FC, hapa kwetu ni fifa tu na litabaki fifa. Jumamosi pedi haiwekwi chini. Aliyefungwa anamkabidhi anayefuata ikiwa bado ina joto la mkono wake.

Nawaeleza haya mjue nazungumza nikiwa wapi. Mtu anayecheza sebuleni kwake anaijua pedi moja, yake. Mimi naziona pedi zilizoshikwa na mikono ya mtaa mzima, kisha naziona ndani, kifuniko kikiwa pembeni na bisibisi ikiwa mkononi. Kila mnapotangaza mashine mpya vijana wananiletea habari kwenye simu zao: safari hii pedi itakuwa na hiki, itakuwa na kile. Wanabishana mpaka soda zinachacha. Mmoja anataka vitufe vya nyuma, mwingine anataka betri ya siku tatu, mwingine ameona picha ya pedi yenye kioo. Huwa nawasikiliza, na mwisho wa siku nageukia meza yangu, ambako kazi ni ileile ya miaka yote.

Kazi hiyo ni analogi, kile kijiti cha kidole gumba kinachoelekeza mchezaji.

Mwaka jana mtaa wetu ulifanya mashindano. Timu kumi na sita, kiingilio cha kila mtu, na zawadi ya mshindi ilikuwa jezi na fedha kidogo. Nusu fainali ikaisha sare, wakaenda penalti. Kijana mmoja, mtaratibu, ambaye sijawahi kumsikia akigombana na mtu, akaelekeza mpira wake kulia. Kidole gumba chake kilikuwa kulia, nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilikiona. Mpira ukaenda katikati, mikononi mwa kipa. Akaniangalia, hakusema neno, akaiweka pedi kwenye benchi na kuachia analogi kabisa. Kwenye menyu alama ya kuchagulia ikaanza kuteremka yenyewe, polepole, mstari baada ya mstari, bila mtu kuigusa. Banda zima likanyamaza. Nilirudisha mechi, penalti zikapigwa upya kwa pedi nyingine na akashindwa kihalali. Lakini najua wapo waliotoka pale wakiamini walidhulumiwa, na siwezi kuwalaumu.

Pedi ile, ya kampuni ambayo sitaitaja, ilikuwa na miezi mitano. Usiku ule niliifungua.

Wasomaji wengine wa barua hii hawajawahi kuona ndani ya analogi, na kwa ajili yao nitaeleza. Chini ya kile kikofia cha mpira kuna kijiti, na kijiti kinasukuma vipimo viwili vilivyokaa ubavuni: kimoja kinapima kulia na kushoto, kingine mbele na nyuma. Kila kipimo ni potenshomita, ndugu wa damu wa voliumu ya redio za mkulima. Kuna utepe mwembamba wa kaboni na kuna ulimi wa chuma unaoukwaruza. Ulimi ukisogea, umeme unaopita unabadilika, na mashine inajua kidole kiko wapi. Mnakumbuka voliumu ya redio ya babu ilivyokuwa ikikwaruza na kukatakata sauti ukiizungusha? Ni ugonjwa uleule. Ulimi unakula kaboni, kaboni inakuwa vumbi, na pale katikati, ambapo analogi inarudi kila mara kidole kikiiachia, panalika kuliko kwingine. Siku moja katikati si katikati tena. Mashine inasoma kwamba kidole kiko kushoto wakati hakuna kidole. Vijana wanasema analogi inavuta.

Nilipokifungua kile kipimo niliona mstari uliochimbika kwenye utepe, wa kung'aa, na pembeni yake masizi meusi kama ya kibatari. Nikapaka spiriti kwa pamba ya masikio, nikafunga, ikakaa sawa siku nne.

Hili mnalijua kuliko mimi. Mwaka 2021 mafundi wa iFixit wa Marekani waliifungua DualSense, pedi ya PlayStation 5 ya Sony, wakasoma karatasi ya mtengenezaji wa analogi zake, Alps, wakakuta kipimo kimewekewa uhai wa mizunguko milioni mbili. Wakahesabu mchezaji wa gemu la vita anazungusha mara ngapi kwa dakika, wakapata kwamba uhai huo unaweza kufikiwa ndani ya saa 417 hivi. Mpira hauzungushi analogi kwa kasi ya vita, na pedi zangu huishi zaidi ya hapo. Lakini chukueni hesabu hiyo mje nayo bandani, saa nane kwa siku: saa 417 ni siku 52.

Na si kwamba hakuna njia nyingine. Mwaka 1998 Sega walitoa Dreamcast, na ndani ya analogi ya pedi yake hakukuwa na kitu kinachokwaruza kitu. Kulikuwa na sumaku. Sumaku inasogea pamoja na kijiti, kihisi kilichokaa pembeni kinasoma nguvu yake bila kuigusa, na kisichoguswa hakiliki. Fizikia yake aliigundua Edwin Hall mwaka 1879. Mzee mmoja wa Kariakoo anayekusanya mashine za zamani anayo Dreamcast. Aliniachia niishike pedi yake. Nyaya zimekuwa za njano, mpira wa kikofia umepasuka, lakini nilipoiachia analogi ilisimama katikati kabisa kama imechorwa hapo. Ile pedi ni ya enzi za kabla vijana wa bandani kwangu hawajazaliwa.

Sasa hivi kampuni ndogo kuliko ninyi zinaweka sumaku. GuliKit walifanya hivyo, 8BitDo wakafuata, na mwaka 2024 8BitDo walikuwa wanauza pedi ya Ultimate 2C kwa dola 30 hivi ikiwa na sumaku kwenye analogi na kwenye vitufe vya R2 na L2, vile vinavyovutwa kwa vidole vya shahada. Dola 30! Ningezinunua nane leo, ila PlayStation 5 haizipokei. Ninyi ndio mnaoshika mlango, mnachagua pedi gani iingie, na nyumba yenyewe imejaa analogi za kukwaruza.

Nimesikia sababu zenu, na nitazijibu kwa heshima. Inasemwa kihisi cha sumaku kinakula umeme zaidi. Ni kweli kwa kiasi, lakini sasa kuna aina nyingine, inaitwa TMR, nayo ni ya sumaku na inakula umeme kidogo sana, na tayari iko kwenye pedi madukani. Inasemwa pia sumaku nyingine zilizo karibu zitavuruga kipimo. Hata mota ya mtetemo ina sumaku ndani yake, na pedi za GuliKit zinatetemeka na kupima sawasawa. Na inasemwa mkono umezoea jinsi analogi ya sasa inavyohisi. Hilo nalichukulia kwa uzito, maana mkono kweli una kumbukumbu. Ila mikono ya bandani kwangu imezoea pia kubadili pedi kila baada ya miezi mitano, na hayo si mazoea mtu anayotaka kuyatunza.

Nintendo, ninyi nawaandikia mstari wa peke yenu, kwa sababu kwenu jambo hili lilifika mahakamani na kwenye vyama vya watumiaji. Joy-Con, pedi ndogo za mashine yenu ya Switch, zilitoka 2017, na kufikia 2019 watu Marekani walikuwa wamefungua kesi kuhusu analogi kuvuta. Juni 2020 rais wenu, bwana Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu. Mwaka 2023, baada ya malalamiko ya vyama vya watumiaji na Tume ya Ulaya kuingilia, mkakubali kuwatengenezea watu wa Ulaya bure hata garantii ikiwa imeisha. Mlifanya vema. Kisha tarehe 5 Juni 2025 ikatoka Switch 2, na Joy-Con 2 zikaja zikishikamana na mashine kwa sumaku. Mkaongeza na uwezo wa kuiburuza Joy-Con mezani kama kipanya cha kompyuta, jambo zuri, nimelijaribu na nimelipenda. Lakini ndani ya analogi hamkuweka sumaku. Ilipofunguliwa ilikutwa na utepe uleule wa kaboni. Sumaku iliingia kwenye kiungo, ikaachwa nje ya mahali palipowapeleka mahakamani.

Sitaki mfikiri mimi ni mtu wa kukataa kila jipya. Nilipoishika DualSense kwa mara ya kwanza, mwaka wa pili baada ya kutoka, nilicheza ile Astro's Playroom inayokuja ndani ya kila PlayStation 5, na niliposikia mvua ikidondoka viganjani, tone kwa tone, nilimwita mke wangu aje aishike. Pedi za zamani zilikuwa na mota mbili zenye uzito uliokaa upande mmoja. Zikizunguka, pedi yote inatikisika, basi. Ninyi Sony mkaziondoa mkaweka vitu vinavyotetemeka kama kitambaa cha spika, na ghafla mchanga ukawa mchanga na kioo kikawa kioo. Hiyo ni kazi ya watu wanaojua. Bandani kwangu anakuja kijana kiziwi, mchezaji hodari, na nimemwona akicheka peke yake, macho kwenye televisheni, mtetemo wa goli ukipanda hadi viwikoni. Msikiondoe kitu hicho kwa ajili ya kupunguza gharama.

R2 na L2 za DualSense zinazokaza ni habari nyingine. Ndani yake kuna mota ndogo, gia, na mkono wa plastiki unaosukuma kitufe kirudi dhidi ya kidole. Ukivuta upinde kwenye gemu unahisi kamba inavyokaza, na mara ya kwanza ni raha. Wachezaji wa mashindano wanazima siku ya pili, kwa sababu kitufe kinachokaza kinachelewesha kidole. Na kila kinachosogea ndani ya pedi ni kitu cha kuharibika. Naletewa R2 iliyolegea kabisa, inaning'inia kama jino la mtoto wa miaka saba, na ndani yake kispringi chembamba kama unywele kimekatika. Nashukuru kwamba mliweka sehemu ya kuzima mikazo hiyo kwenye mipangilio. Kwa pedi ya kawaida ningependa kispringi kinene kuliko mkazo.

Maikrofoni ndani ya pedi? Kwenye banda la vijana ishirini haina kazi. Kwa anayecheza peke yake nyumbani, inafaa. Taa ya mgongoni ya DualShock 4, pedi ya PlayStation 4, ilikuwa inakula betri ya mAh 1000 huku inaangalia ukuta, na ilikuwa haizimiki, inafifia tu. Nafurahi ilikufa. Kibao cha kugusa sijaona vijana wakikitumia ila kwa kufungua menyu.

Vitufe vya nyuma, hapo nitakaa kidogo.

Kuna mteja wangu, nitamwita mdogo wangu maana ndivyo tunavyoitana, mkono wake wa kulia ulipata ajali ya pikipiki na vidole vitatu havikunji. Gumba na cha shahada vinafanya kazi. Kabla ya ajali alikuwa anatisha kwenye fifa. Baada ya ajali alikuja akakaa mwisho wa benchi wiki tatu, anaangalia tu, anakunywa maji, anaondoka. Siku moja akaniuliza: "Kaka, hii pedi haiwezi kugeuzwa?" Nikachukua pedi iliyokufa nusu, nikatoboa matundu mawili nyuma, upande wa kushoto, nikaweka vitufe viwili vidogo vya kubonyeza, nikavuta nyaya nyembamba mpaka kwenye nyayo za R1 na R2 ubaoni, nikachoma risasi. Ilinichukua siku mbili, na nyaya zilikatika mara ya kwanza nilipofunga kifuniko. Alipoishika, vidole vyake vya kushoto, vile vilivyozoea kukaa nyuma bila kazi, vikaanza kukimbiza mshambuliaji. Mechi ya kwanza akafungwa matatu kwa bila. Ya pili mbili kwa mbili. Sasa anacheza Jumamosi na wenzake, na pedi ile hashiki mtu mwingine.

Vidole vinne nyuma ya pedi, kwa kila mwanadamu mwenye mikono miwili mizima, vinakaa bure. Hilo kila mtu anaweza kuliona akiangalia mikono yake. Microsoft mliweka vitufe vya nyuma kwenye pedi ya Elite mwaka 2015, kwa dola 150. Sony mkaviweka kwenye DualSense Edge mwaka 2023, kwa dola 200. Na Februari 2021 Valve, kampuni ya gemu ya Marekani, waliamriwa na baraza la mahakama Marekani kulipa dola milioni nne kwa sababu vitufe vya nyuma vya pedi yao viligusa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mtu. Naelewa kwamba mambo ya hataza ni mazito, na naelewa kwamba kampuni inaweza kuogopa. Lakini mna wanasheria na mna fedha za kununua ruhusa. Mimi nilikuwa na pasi ya kulehemu na bisibisi.

Nawapa haki yenu hapa. Microsoft, ile Xbox Adaptive Controller ya 2018, yenye matundu kumi na tisa ya kuchomekea vitufe vya nje, ni moja ya vitu vya heshima kabisa vilivyowahi kutoka kwenye kazi hii. Sony mlifuata na Access mwishoni mwa 2023. Hizo ni kwa mtu ambaye pedi ya kawaida haiwezi kabisa kumfaa. Mdogo wangu hahitaji matundu kumi na tisa. Anahitaji vitufe viwili, na vitufe hivyo vingekuwa kwenye pedi inayokuja ndani ya boksi la mashine asingehitaji kuja kwangu.

DualSense Edge inaniuma kwa sababu nyingine pia. Pedi hiyo, ukivuta kifuniko chake cha mbele, analogi inachomoka nzima kama betri ya redio. Inachomoka, unaweka mpya ya dola 20, unafunga, unaendelea kucheza. Hakuna moto, hakuna risasi. Kwa fundi ni kama kuona ndoto yake imetengenezwa na mtu mwingine. Kwa hiyo mnaweza. Mlikaa, mkachora, mkaunda, mkauza. Kisha mkaiweka kwenye pedi ya dola 200 mkaiacha ile ya kila mtu ikiwa imelehemiwa. Kwenye pedi ya kawaida analogi imeshikwa ubaoni kwa miguu zaidi ya kumi. Lazima uiyeyushe miguu yote kwa pamoja bila kuunguza ubao, na ubao wenyewe una njia nyembamba kama mistari ya kiganja. Nimejifunza. Mwanzoni niliua pedi za watu na nikawalipa. Mafundi wengi wa mtaani hawana kifaa cha kunyonya risasi, na wanaharibu kwa nia njema.

Na ukishafaulu kuiweka mpya, kazi haijaisha. Analogi mpya katikati yake haifanani na ya zamani, na pedi ya DualSense inakumbuka katikati ya ile ya kiwandani. Lazima uifundishe. Nintendo, kwenye mipangilio ya Switch mmeweka sehemu ya kusawazisha analogi, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuitumia. Kwa DualSense ilibidi mtu wa kujitolea, mtu mmoja tu anayependa vitu hivi, achunguze pedi mwenyewe na kutengeneza programu ya bure inayofunguka kwenye kompyuta. Naitumia kila siku. Nikifunga pedi, naichomeka, nasogeza analogi pembe nne, natazama duara likijichora. Likikaa sawa nasikia raha kila mara kama mara ya kwanza. Huduma hiyo ilipaswa kuwa kwenye mipangilio ya mashine yenu.

Betri. Microsoft, mmechekwa miaka mingi kwa kuendelea na betri za kawaida, zile ndogo mbili zinazouzwa duka la Mangi pembeni ya sabuni na viberiti. Msibadilike. Umeme ukikatika Temeke saa moja jioni na kurudi saa tatu, pedi yenye betri ya ndani iliyokwisha haichezeki ila ikiwa kwenye waya wa chaji, na ile ya kwenu inabadilishwa betri ndani ya dakika moja na mechi inaanza. Betri ya ndani nayo inazeeka. Baada ya miaka miwili ya kuchajiwa kila siku inavimba, na nimeona iliyosukuma kifuniko hadi pedi ikafunguka yenyewe. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni mwaka 2023 kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kushika mkononi ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Kwa hiyo kwa Ulaya mtalazimika. Nawaomba mlango huo wa betri mtakaouchora kwa ajili ya Ulaya uwe uleule kwenye pedi zinazofika Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura, wala kusiwe na pedi ya Ulaya na pedi ya kwetu.

Maana hapo ndipo mtaani kwangu panapouma. Kijana mmoja alinunuliwa pedi na dada yake anayefanya kazi Muscat. Ilikuja na karatasi yake ya garantii, mwaka mzima. Mwezi wa nne ikaanza kuvuta. Tuliandika kwa kampuni, nami nilimsaidia kuandika Kiingereza chake. Jibu lilikuja la adabu: garantii inafanya kazi nchi iliponunuliwa. Kuirudisha Muscat kwa ndege, na kuisubiri, na ushuru wa kuingia tena, ni bei ya pedi nyingine. Dada yake alikuwa ameweka akiba miezi miwili kuinunua. Kampuni siitaji, kwa sababu nadhani na nyingine zingejibu hivyohivyo. Kule ambako kuna kituo chenu cha matengenezo, analogi mbovu ni usumbufu wa wiki mbili. Huku ambako hakuna, fundi wa mtaani ndiye kituo chenu cha matengenezo, mpende msipende. Basi mtuchoree pedi mkijua kwamba tupo.

Microsoft walianza kuuza vipuri vya pedi mwaka 2023, na wakatoa maelekezo ya kuzifungua. Sony na Nintendo, mngefanya hivyo. Microsoft, mngeuza na huku.

Sina ombi la kioo kwenye pedi, wala la kihisi cha mapigo ya moyo, wala la taa. Pedi ya kawaida iwe na sumaku kwenye analogi. Analogi hiyo ichomoke kwa mkono, kama mlivyokwisha kuifanya ichomoke kwa matajiri. Betri itoke. Vitufe viwili nyuma. Kusawazisha kuwe kwenye mipangilio. Mkiwa mmemaliza hayo na bado mna nafasi ndani ya kifuniko na fedha kwenye bajeti, tuleteeni mvua ya viganjani iwe nzuri zaidi, nami nitamwita mke wangu tena aje aishike.

Jirani na meza yangu kuna debe la rangi la lita nne. Ndani yake naweka analogi ninazozitoa, kwa sababu siwezi kuzitupa barabarani na hakuna anayezinunua. Sasa limefika ukingoni. Mkituma mtu wenu Dar es Salaam, nitampa debe zima alipeleke kwenye chumba mnachochorea, ajionee kila kipimo kilipolikia, na nimeandika kwa peni kwenye kila kimoja mwezi kilipoanza kazi na mwezi kilipokufa.

Na mkinijibu, nijibuni hili moja tu: pedi inayofuata, ile itakayokuja ndani ya boksi, analogi yake nitaitoa kwa mkono au kwa moto?

Wenu,
Fundi wa pedi, Temeke, Dar es Salaam